Nje ya Uzio wa Minyaa

Juzi mama mmoja alinisimamisha mnadani Karatu, gazeti amelikunja kwapani.

"Mzee Qamara, ina maana mpaka leo hujatubu? Wiki iliyopita nimekusoma nikalia, halafu nikakasirika."

"Ulikasirikia nini, mama?"

"Ile 'hapana' yako."

Nikamwambia asome na ya wiki hii, ndipo aamue amkasirikie nani.

Ndugu msomaji uliyechelewa, nitakupa kwa ufupi. Wengine mnivumilie. Kuandika vizuri nilijifunza ukubwani, katika madarasa ya jioni, baada ya kazi, na mwalimu wetu alisisitiza kwamba msomaji asiachwe njiani. Nimeshika neno lake mpaka uzee huu.

Mwaka ni 1976, nami nina miaka kumi na sita. Mama yetu amekwisha kufariki. Baba yangu, Yohani, ni katekista, mwalimu wa dini huko kwetu Endamarariek na Kansay. Padre anafika kwa nadra. Siku nyingine zote baba ndiye anayesalisha, anayezika, na anayebatiza watoto walio katika hatari ya kufa.

Dada yangu Marsela, aliyeolewa Kansay, alijifungua mtoto ambaye tayari alikuwa maiti. Hakubatizwa, kwa sababu maiti habatizwi. Baba alimzika mjukuu wake kwa mikono yake mwenyewe, bila sala, nje ya uzio wa minyaa unaozunguka makaburi ya kigango, lile kanisa dogo la Kansay.

Pale ndipo imani yangu ilipoanza kuvuja. Nilimwomba Mungu anieleze kosa la mtoto yule. Kimya. Nikamuuliza mwalimu wetu wa siasa, akacheka akasema Mungu ni kitu walichokitunga watu kwa kuogopa kifo. Mimi sikucheka. Neno lile nililala nalo na kuamka nalo.

Na siku ya Pasaka, baba alipouliza kanisa zima, "Je, mwasadiki kwa Mungu Baba Mwenyezi?" watu wakaitika "Twasadiki," mimi nikasema "Hapana." Kanisa lilikuwa limenyamaza kusubiri swali la pili. Kila mtu alinisikia.

Mlidhani baba alinipiga? Hata mimi nilidhani hivyo. Laiti angenipiga.

Alimaliza ibada. Nyumbani akanipakulia chakula mwenyewe, akaniwekea na nyama.

"Kesho utakwenda Kansay kwa dada yako," akasema. "Shemeji yako Tluway yuko kibarua cha barabara Ngorongoro. Mbuzi hawana mtu."

"Mpaka lini, baba?"

"Mpaka utakapoweza kusimama kanisani ukajibu kama watu."

"Na nisipoweza?"

"Basi mbuzi watakuwa wamepata mchungaji."



Marsela alikuwa mjamzito tena. Alinipokea kwa kicheko, akanipa mahindi nimsaidie kupukuchua.

"Kweli ulisema hapana?"

"Kweli."

"Mbele ya baba?"

"Mbele ya baba."

"Mjinga wewe! Si ungenyamaza tu? Nusu ya watu mle hawasadiki chochote, wanangojea nyama ya Pasaka."

Tukacheka. Kisha akaacha kupukuchua.

"Sasa niambie wewe msomi. Mwanangu yule wa kwanza. Kama Mungu hayupo, yeye yuko wapi?"

"Hayupo popote, dada."

Nilikuwa sijui kusema jambo kwa upole. Kijana akishapata ukweli mpya anautupa usoni mwa mtu bila kuangalia.

"Hata pale nje ya uzio hayupo?"

"Hayupo."

Akaanza tena kupukuchua. Punje zikawa zinaanguka kwenye ungo moja moja.

"Afadhali," akasema. "Baridi ya mwezi wa saba ikija, huwa sifikirii mtu mwingine ila yeye."

Nilitegemea angebishana nami.

"Lakini kama unakosea?"

"Sikosei."

"Mimi nimeolewa, nimezaa, nimezika, na bado sijui kitu. Wewe una ndevu tatu unajua vyote." Akanitupia gunzi la kichwa.

Kiangazi kikawa kikali. Kijito cha karibu kikakauka, tukawa tunateka maji kisima cha mbali, chini kabisa kwenye mteremko, kwa punda.

Uchungu ulimshika Marsela kabla ya miezi yake kutimia. Nilikimbia kwa Clemensi, mwenyekiti wa kigango, mzee mwenye baiskeli, nikamwomba amfuate baba Endamarariek. Kisha nikamwita Naipanoi, jirani yetu, Mmasai kutoka upande wa Ngorongoro aliyeolewa pale Kansay. Ndiye aliyekuwa mkunga wa eneo zima.

Kulipokucha nikasikia sauti ya kitoto, nyembamba, mara moja tu. Naipanoi akatoka na beseni, akalimwaga kando ya zizi.

"We layoni," akaniambia. Hilo ni neno lao kwa mvulana ambaye hajatahiriwa, na alijua linaniudhi, maana mimi nilikwisha tahiriwa. "Una mpwa wa kiume. Mdogo mno. Maji yote yamekwisha, nakwenda kisimani na punda. Kaa hapa mlangoni. Dada yako akiita, itika. Kibuyu cha maziwa nimekiacha karibu na kitanda, anywe apate nguvu."

Akaondoka akimsukuma punda. Nikakaa.

Jua lilikuwa halijapanda sana Marsela alipoita.

"Qamara. Ingia."

"Siruhusiwi, dada." Kwetu mwanamume haingii kwa mzazi.

"Ingia!"

Ndani kulikuwa giza. Nyumba zetu za wakati ule hazikuwa na dirisha. Nilipapasa mpaka nikafika kitandani.

"Anaacha kupumua," Marsela akasema. "Mbatize."

"Baba yuko njiani."

"Hatamkuta. Mbatize wewe."

"Mimi siamini, dada. Unajua."

"Baba alitufundisha. Hata mpagani anaweza kumbatiza mtoto anayekufa, mradi akusudie linalokusudiwa na Kanisa. Alitufundisha, hakutufundisha?"

"Alitufundisha."

"Basi usiniletee siasa hapa. Sitaki imani yako. Nataka mkono wako."

"Jina?"

"Josephati. Fanya haraka, mdogo wangu, tafadhali. Huyu asiende nje ya uzio. Huyu asiende."

Nikashika mtungi. Mtupu. Nikashika wa pili, nikauinamisha, hata unyevu haukuwamo. Debe lilikuwa kavu. Nikatoka mbio nje nikaangalia mteremko. Naipanoi haonekani, punda haonekani. Pale alipomwaga beseni, ardhi ilikuwa imeshakunywa yote.

"Qamara!"

Nikarudi ndani. Mkono wangu ukagusa kibuyu.

Naomba msomaji unielewe. Nilijua. Mtoto wa katekista asijue? Baba alitufundisha sisi wote, tukiimba kama jedwali la hesabu: ni maji, si maziwa, si pombe, si mate. Lakini kwangu mimi yote yalikuwa sawa, hakuna aliyekuwa akitazama kutoka juu. Kwa dada yangu hayakuwa sawa. Na yeye alikuwa gizani, haoni.

Nikamimina maziwa kiganjani. Nikayapitisha juu ya kichwa kile kidogo, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Josephati, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Tone moja lilishuka shavuni likamfikia mdomoni, nikasikia midomo ikichezacheza, akilionja.

Kisha ikatulia.

"Amina," akasema Marsela.

Naipanoi aliporudi na punda, alisimama uani akasikiliza ule ukimya. Alianza kushusha madebe taratibu, na kila debe akiliweka chini analishikilia kwanza.

Baba akafika mchana pamoja na Clemensi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amekwisha ambiwa njiani kwamba mtoto amefariki, ila amebatizwa.

"Tumsifu Yesu Kristo," akanisalimu.

"Shikamoo, baba."

Akaipokea ile shikamoo kama mtu anayepewa kiti kibovu.

"Marahaba. Nani alimbatiza mtoto?"

"Mimi."

Clemensi akaguna. Baba akanisogelea.

"Ulitaja majina matatu?"

"Nilitaja."

"Kichwani?"

"Kichwani, baba. Mara tatu."

"Qamara, nitakuuliza jambo moja, na wewe husemi uongo, hilo nimeliona Pasaka. Ulikusudia?"

Nilifikiri. Nilikusudia alichotaka Marsela, na Marsela alitaka kile cha Kanisa.

"Nilikusudia."

Baba akanikumbatia.

Hakuwa amenikumbatia tangu tulipomzika mama. Kifua chake kilikuwa kinaruka kama cha mtoto aliyelia sana. "Mungu amekutumia," akawa anarudia sikioni mwangu. "Umemkataa, na bado amekutumia. Karibu nyumbani, mwanangu."

Nilipaswa kumwambia ukweli palepale. Sikuweza. Nilikuwa nimekaa na mbuzi tangu Pasaka, na mikono ya baba ilikuwa mgongoni mwangu.

"Kijana kashikwa!" Clemensi akawatangazia watu waliokuwa wanakuja. "Mungu kamshika mwenyewe kwa mkono!"

Kigango kilikuwa juu kidogo ya nyumba ya Marsela. Baba hakutaka mtu amsaidie kuchimba. Alichimba ndani ya uzio, karibu na msalaba mkubwa, mahali pazuri. Mtoto alilazwa kando kwenye kivuli, amefungwa kanga ya mama yake. Baba akichimba alikuwa ananiangalia, na kila akiniangalia anatabasamu kidogo, machozi yanaendelea.

Sijawahi kupendwa namna ile tena. Na nilijua ninapendwa kwa kosa.

Naipanoi akapanda na kibuyu cha maji ya kunywa, akampa baba.

"Kunywa, baba Marsela. Laiti ningewahi kurudi. Mama wa watu anafiwa na mtoto nyumba haina hata tone."

Baba alikuwa amefikisha kibuyu mdomoni. Kikaishia hapo.

"Hata tone?"

"La mwisho nilimnawishia mtoto, nikamwaga. Ndipo nikaenda kisimani. Narudi, amekwisha ondoka."

Baba akamrudishia kibuyu bila kunywa. Akanigeukia. Lile tabasamu lilikuwa bado halijatoka lote.

"Qamara. Maji ulitoa wapi?"

Watu wote wakanitazama. Mimi niliyesema hapana mbele ya kanisa kwa sababu sikutaka kusema uongo. Nikafungua mdomo.

"Yalikuwa maziwa, baba."

Si mimi niliyesema.

Marsela alikuwa amesimama kwenye mwanya wa uzio, amejifunika blanketi la Tluway, ameshika minyaa asianguke. Watu wakarudi nyuma. Kwa mila yetu sisi Wairaqw, mama aliyefiwa na mtoto mchanga hatoki. Anakaa metimani, peke yake, hachangii moto wala maji na mtu, mpaka muda wake uishe. Nusu ya Wakristo waliokuwa pale walikwishasema mila hiyo wameiacha. Wote walirudi nyuma.

"Rudi ndani, binti!" Clemensi akapiga kelele. "Unatuletea balaa!"

"Balaa liko wapi jingine, mzee Clemensi? Limebaki?"

Baba akasema polepole, "Wewe ulijua?"

"Nilijua. Mimi ndiye niliyemshika kichwa. Maziwa mtu huyajua hata gizani."

"Na ukaitika amina?"

"Nikaitika."

"Kanisa linasema maji, Marsela."

"Najua linasema nini, wewe ndiye uliyenifundisha. Sasa na mimi nikuulize, baba. Yesu alinyonya maji?"

Hata Clemensi alitazama chini.

Baba akanigeukia mimi. "Ulinidanganya."

"Uliniuliza kama nilikusudia, baba."

"Nami nikakukumbatia."

Alisema hivyo kama mtu anayegundua ameibiwa akiwa safarini. Mpaka leo, wasomaji wangu, sentensi ile ndiyo inayonitoa usingizini. Ile hapana ya Pasaka hainitoi.

Clemensi akakohoa. "Katekista, hili ni gumu, lakini nitalisema. Mjukuu wangu naye ulimzika nje ya uzio. Nilikusihi. Ukaniambia sheria si yako. Nikanyamaza, nikamwacha. Kama huyu wa kwako atalala humu ndani kwa maziwa, mimi nitamwambia nini mke wangu?"

Baba alitoka kaburini. Akaegemeza jembe kwenye msalaba. Akamnyanyua Josephati katika ile kanga, akaelekea kwenye mwanya wa uzio.

Akampita Marsela bila kumtazama, akatoka nje.

Marsela akaanguka magoti. Hakulia kwa sauti. Alikuwa anang'oa nyasi.

Nilimwita baba yangu jina ambalo gazeti hili haliwezi kulichapa. Nikamwambia, "Huyo Mungu wako, hata kama yupo, simtaki!" Naipanoi akanishika mkono, nikajinasua, nikamfuata baba nje ili nimnyang'anye maiti. Nakiri nilikuwa tayari kupigana naye.

Baba alikuwa amesimama penye vilima vidogo vya mawe. Palikuwa na vingi kuliko nilivyokumbuka. Akapiga magoti penye kile cha mtoto wa kwanza wa Marsela, akamlaza Josephati mapajani.

"Naipanoi," akaita. "Lete hicho kibuyu cha maji."

Clemensi alikuwa wa kwanza kuelewa. Akaja mbio.

"Yohani! Maiti habatizwi!"

"Najua."

"Miaka yote umetufundisha! Ni kufuru!"

"Najua nilichofundisha, Clemensi."

"Ukiyamwaga hayo maji, nakuapia, napanda baiskeli sasa hivi nakwenda kwa padre. Utavuliwa ukatekista. Na utabaki kuwa nani?"

"Baiskeli umeiegemeza mlangoni mwa kanisa," baba akasema. "Tairi la nyuma limeisha upepo. Lijaze kwanza."

Clemensi alimtazama. Akatazama na kilima kingine cha mawe, pembeni kidogo, kilichokuwa kimepandwa ua. Akageuka akaondoka. Baada ya kitambo tukasikia pampu ya baiskeli ikipiga.

Naipanoi akamkabidhi baba kibuyu. Yeye si Mkristo, lakini alikitoa kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa.

"Qamara," baba akaniambia. "Mshike mpwa wako kichwa."

"Mimi siamini, baba."

"Sikuulizi hilo leo. Mshike."

Nikapiga magoti. Mimi niliyekuja kupigana. Kichwa cha Josephati kilikuwa baridi, na nywele zake zilikuwa zimegandamana kwa maziwa.

Baba akainua kibuyu. Akasita. Akageuka akatazama yale mawe, kisha akatazama mwanya wa uzio. Marsela alikuwa ametambaa mpaka pale.

"Marsela, mwanangu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. "Huyu wa kwanza. Ulitaka kumwita nani?"

Muda wote ule hakuna aliyewahi kumuuliza. Baba hakuuliza. Tluway hakuuliza. Hata mimi, niliyemkana Mungu kwa ajili ya mtoto yule, sikuwahi kuuliza jina lake.

Kule kanisani pampu ikanyamaza.

Marsela akajifuta uso kwa blanketi la mumewe, akafungua kinywa.